Kutoka uwanjani kwenda benchi: habari za Talant, na jibu ninalodaiwa Ijumaa

Najua nimepotea. Juzi kuna mtu kanishika bega kwenye foleni ya kafteria akaniuliza eti ni kweli nimehama chuo. Sijahama jamani, nipo, ila nilibanwa na vitu viwili: ripoti ya mazoezi ya kufundisha na goti. Ripoti nimeikabidhi wiki iliyopita. Goti bado ninalo.

Kwa wale wageni hapa: mimi nacheza mpira wa mikono. Sio netiboli, sio kikapu, wala sio wavu. Kila nikisema hivyo lazima mtu aulize "ule wa kurushiana juu ya nyavu?" Ah wapi! Ni ule wa watu 7 kwa 7, uwanja wa mita 40 kwa 20, goli la upana wa mita 3 na urefu wa mita 2, na mstari wa mita 6 ambao ndani yake anaruhusiwa kukaa kipa peke yake. Ukishika mpira una hatua 3 na sekunde 3, basi, uwe umeshaamua. Ukimvuta mwenzio vibaya unatolewa nje dakika 2 na timu yako inabaki pungufu. Nilianza sekondari, enzi za UMISSETA, kwa sababu timu ya netiboli ilikuwa imejaa na mwalimu wa michezo akasema kila mwenye mikono mirefu aende upande ule. Mikono ninayo. Nikaenda na sikurudi tena.

Hapa chuo nimecheza miaka miwili na nusu, nafasi ya kati. Mwezi wa pili, kwenye mechi ya kirafiki, niliruka kurusha, nikatua, nikasikia "pu!" ndani ya goti. Wale mliokuwepo mnakumbuka nilivyobebwa. Kano imechanika. Daktari kasema kuruka na kukata kona nisahau kwa miezi tisa hivi, halafu ndiyo tutazame. Sasa pigeni hesabu wenyewe: mimi ni mwaka wa tatu. Miezi tisa ikitimia nitakuwa nimeshavaa joho na kupiga picha na mama. Yaani ile mechi ya kirafiki, isiyo na kombe wala watazamaji zaidi ya thelathini, huenda ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu nikiwa mwanafunzi.

Basi Jumapili nahodha alikuja chumbani na wenzake wawili. Walikuja na machungwa, nikajua hapa kuna jambo, maana watu wa bweni letu hawaleti machungwa bure. Kocha wetu, ambaye alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili na alitufundisha kwa mapenzi tu bila malipo, amemaliza na ameondoka. Pesa ya kumlipa kocha mwingine haipo. Mashindano ya vyuo yanakuja. Wanataka nishike mimi timu. Jibu wanalitaka Ijumaa.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko goti. Mdogo wangu wa damu, tumbo moja, yuko mwaka wa kwanza hapa hapa na ameshaingia kwenye timu. Anacheza nafasi gani? Ya kati. Nafasi yangu. Na anayegombania naye nafasi hiyo ni rafiki yangu mkubwa, ambaye amenisubiri nyuma miaka yote miwili na nusu bila kununa.

Nimewaza sana. Na kwa kuwa vifurushi vya usiku ni rahisi, na mimi silali, nimekuwa nikitazama mechi za mtu mmoja ambaye kwa wapenzi wa mchezo huu hana haja ya kutambulishwa, ila kwenu ninyi wa soka ngoja nimtambulishe. Anaitwa Talant Dujshebaev.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1968 katika mji ulioitwa Frunze, ambao tangu 1991 unaitwa Bishkek, makao makuu ya Kirgizistani. Nchi ya milima mitupu, bahari wanaiona kwenye ramani. Wakati ule ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, na kijana mwenye kipaji kule alivutwa kwenda Moscow. Akachezea CSKA, klabu ya jeshi. Si ajabu kwetu sisi, hata huku timu ngumu za mpira wa mikono nyingi ni za majeshi.

Sasa angalieni mambo. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Miezi michache mbele kuna Olimpiki ya Barcelona, 1992. Wachezaji wapo, mazoezi wamefanya, nchi hakuna! Wakapelekwa kama Timu ya Pamoja ya zile jamhuri zilizoachana, chini ya kocha Spartak Mironovich kutoka Belarusi. Fainali wakakutana na Sweden, ambao walikuwa mabingwa wa dunia wa 1990. Wakawafunga 22 kwa 20. Waliposimama kuvishwa dhahabu ilipandishwa bendera ya Olimpiki yenye zile duara tano, maana ya kwao haikuwepo tena. Talant alikuwa na miaka 24, na alikuwa anacheza kati.

Mwaka uliofuata, 1993, akiwa na Urusi, wakachukua ubingwa wa dunia kule kule Sweden, fainali wakiwapiga Ufaransa 28 kwa 19. Huku nyuma alikuwa ameshahamia Hispania, mji wa Santander, timu ya Teka. Akatwaa nao Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 1994. Mwaka huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa dunia, na mwaka 1996 akachaguliwa tena. Mwaka 1995 akapata uraia wa Hispania na kuanza kuvaa jezi yao.

Hapo ndipo nilipositisha video nikachemsha chai. Mwaka 1996 mashindano ya mataifa ya Ulaya yalifanyika Hispania, na fainali ilikuwa Hispania na Urusi. Yaani huyu bwana, miaka mitatu tu baada ya kuchukua ubingwa wa dunia na Warusi, anasimama mbele yao na jezi nyingine. Hispania ikafungwa 23 kwa 22. Goli moja! Mimi najaribu kufikiria unavyomkabili mtu ambaye mlikuwa mkigawana chumba, unajua anapenda kurusha upande gani, naye anajua wewe unajifanya kwenda kulia ili uende kushoto. Baadaye mwaka ule ule akapata shaba ya Olimpiki kule Atlanta, na nyingine Sydney mwaka 2000. Zote na Hispania.

Akacheza pia Ujerumani, Nettelstedt kisha Minden, na mwaka 2001 akarudi Hispania, klabu ya Ciudad Real. Ni mji mdogo wa bara, sio Madrid wala Barcelona, ila klabu yake ya mpira wa mikono ilikuwa na nguvu na ilikuwa na pesa.

Sasa hapa ndipo habari yake inapogusana na machungwa ya nahodha wangu. Mwaka 2005 Talant akakabidhiwa timu hiyo hiyo ya Ciudad Real aifundishe. Hakupewa timu ya watoto akajifunzie pembeni. Alipewa watu ambao walikuwa wenzake, waliomzoea, waliokuwa wakitaniana naye kwenye basi. Leo wanaitwa kwa majina, kesho yeye ndiye anayesema nani anaanza na nani anakaa. Na msimu wake wa kwanza tu, 2006, wakachukua Ligi ya Mabingwa.

Wengine mtasema alikuwa na wachezaji wa bei mbaya, nani asingeshinda? Kweli walikuwa wazuri. Ila tazameni fainali mbili zilizofuata, zilichezwa nyumbani na ugenini, zote dhidi ya Kiel ya Ujerumani. Mwaka 2008 wakafungwa nyumbani kwao 29 kwa 27. Kila mtu akajua imekwisha, maana kwenda kushinda Kiel si mchezo. Wakaenda, wakashinda 31 kwa 25. Mwaka 2009 wakaanzia Kiel, wakafungwa 39 kwa 34. Magoli matano nyuma. Wakarudi nyumbani wakashinda 33 kwa 27. Jumlisheni: 67 kwa 66. Kombe kwa goli moja. Mimi nikaiwekea alama ile, kwa sababu ya ile 1996 waliyoipoteza kwa goli moja.

Na kuanguka pia ameanguka. Mwaka 2011 klabu ikahamishiwa Madrid ikachukua jina la Atlético Madrid. Mwaka 2012 wakafika fainali, wakapigwa na Kiel 26 kwa 21. Mwaka 2013 klabu ikafa kabisa kwa ukata. Timu iliyokuwa fainali ya Ulaya mwaka mmoja kabla ikafunga milango. Tukilalamika sisi kwamba mipira yetu miwili imetoboka na nyavu za goli tumefunga kwa kamba ya manila, tujue hata wakubwa hukosa.

Januari 2014 akachukua timu ya Kielce, Polandi. Alimpokea Bogdan Wenta, naye mchezaji aliyegeuka kocha, ambaye baadaye mwaka 2018 watu wa mji ule walimchagua kuwa meya. Unaona mchezo unavyoweza kumfikisha mtu! Na sasa naomba wale mlioanza kusinzia muamke, maana nataka kuwasimulia tarehe 29 Mei 2016.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa, jiji la Köln, Ujerumani, ukumbi umejaa. Kielce na Veszprém ya Hungaria. Zimebaki kama dakika 14 na ubao unasoma 28 kwa 19. Veszprém wako mbele kwa magoli tisa. Kwa wasiojua mchezo huu, magoli tisa dakika 14 ni kama soka uko nyuma tatu bila na refa ameshaanza kuangalia saa. Watu wa Veszprém walikuwa wanaimba. Basi kuanzia hapo hadi kipenga, Veszprém walipata goli MOJA. Kielce walipata kumi. Ikawa 29 kwa 29. Dakika za nyongeza, 35 kwa 35. Penalti. Mwisho ukasoma 39 kwa 38 na Kielce wakawa timu ya kwanza ya Polandi kuchukua kombe lile.

Nimeitazama mechi ile mara tatu. Mara ya kwanza nilitazama mpira kama kila mtu. Mara ya pili nikatazama ulinzi, jinsi walivyosogea mbele na kuwanyima Veszprém nafasi ya kurusha kwa raha. Mara ya tatu nikamtazama yeye tu, kila kamera ilipomwelekea. Kocha wa mpira wa mikono ana mapumziko matatu ya dakika moja moja kwa mechi nzima. Dakika moja, una watu 16 wanaohema, nusu hawakusikii kwa kelele, na wewe moyo unakudunda kuliko wao. Unasema nini? Huwezi kutoa mhadhara. Lazima uwe umeshajua jambo moja la kuwaambia. Yule bwana anafoka, anatokwa na jasho, mikono inazunguka kama feni. Lakini wachezaji wanarudi uwanjani wakiwa na kitu cha kufanya.

Nikajiuliza kwa nini wachezaji wa nafasi ya kati wanafaa kwa kazi hii. Nadhani ni kwa sababu mtu wa kati, hata akiwa na mpira mkononi, kazi yake ni kuona wengine. Winga anatazama kona yake. Pivoti anapigana na mabeki wawili na mgongo wake. Wewe wa kati una sekunde tatu za kuona nani amechoka, nani ameachwa, beki gani amenyanyua mguu mapema. Ukitolewa mpira mkononi ukawekwa benchi, macho bado unayo. Lakini sio sheria, maana kuna Heiner Brand wa Ujerumani ambaye umaarufu wake aliupata kwa kulinda, na amekuwa bingwa wa dunia kama mchezaji mwaka 1978, kisha bingwa wa dunia kama kocha mwaka 2007. Kuna Alfred Gíslason wa Iceland, ambaye alikuwa benchi la Kiel siku ile ya 67 kwa 66, na mwaka 2024 akaipeleka Ujerumani fainali ya Olimpiki. Kwa hiyo nafasi sio hoja. Hoja ni kama uko tayari kuacha.

Maana kuacha ndiko kugumu, wapendwa. Mimi bado nikisikia mpira unadunda kwenye sakafu mkono wa kulia unawasha. Wiki iliyopita nilikaa kwenye kimbweta nyuma ya uwanja nikijifanya nasoma desa, kumbe natazama mazoezi. Rafiki yangu akapoteza mpira kizembe, nikajikuta nimesimama na mkongojo wangu mmoja kama mwendawazimu. Mdogo wangu akaingia, akatoa pasi kwa nyuma bila kuangalia, ile pasi ambayo nilimfundisha mimi nyumbani kwetu uani tukitumia mpira wa makaratasi. Nilifurahi, na wakati huo huo nikaona wivu. Ndiyo, wivu, kwa mdogo wangu mwenyewe. Sijui kama ni dhambi ila ndivyo ilivyokuwa.

Na hilo linanirudisha kwa Talant, kwa sababu yeye ana watoto wawili wa kiume. Alex, aliyezaliwa Santander mwaka 1992, mwaka ule ule wa dhahabu ya Barcelona, na Daniel aliyezaliwa 1997. Wote wanacheza mpira wa mikono, wote wamechezea Hispania. Alex alijiunga na Kielce mwaka 2017 na mdogo wake akafuata. Baba benchi, watoto uwanjani, mbele ya mji mzima.

Hebu fikirieni maneno. Huku kwetu ukimpanga ndugu yako hata kwenye kamati ya harusi watu wanaguna. Sasa kocha anapanga wanawe wawili kwenye timu inayocheza fainali za Ulaya! Ila majibu yameonekana uwanjani. Alex ametwaa ubingwa wa Ulaya na Hispania mwaka 2018 na 2020, na timu ya Hispania haifundishwi na baba yake. Alikuwa kwenye timu iliyopata shaba Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, na hapo mimi kama Mwafrika niliumia, kwa sababu shaba ile waliipata kwa kuifunga Misri 33 kwa 31, na Misri ndiyo ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Olimpiki kwenye mchezo huu. Halafu mwaka 2024, Paris, ndugu wale wawili wakavaa shaba pamoja. Shaba na jezi ya Hispania, kama zile mbili za baba yao.

Na msidhani kuwa na watoto timu moja kunaleta makombe. Kielce walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2022 wakafungwa na Barcelona kwa penalti. Wakarudi fainali mwaka 2023, wakafungwa na Magdeburg 30 kwa 29 baada ya dakika za nyongeza. Goli moja tena! Miaka miwili mfululizo unakosa kombe mlangoni, halafu unarudi hotelini na walioukosa ni wachezaji wako na pia ni wanao. Utamfariji yupi kwanza? Utamkaripia yupi kwa ile nafasi aliyopoteza? Nikifika hapo huwa nazima simu.

Hao Misri wenyewe walifundishwa na nani kule Tokyo? Roberto García Parrondo, Mhispania, winga ambaye alikuwa akicheza chini ya Talant. Mwaka 2019 alikuwa ameshaipa Vardar ya Makedonia Kaskazini Ligi ya Mabingwa. Na kabla yake, mwaka 2017, Vardar hao hao walilitwaa kombe hilo wakiwa na Raúl González, aliyekuwa msaidizi wa Talant kule Hispania. Kwa hiyo ukihesabu makombe ya yule bwana kama kocha, manne, 2006, 2008, 2009 na 2016, bado hujamaliza. Kuna watu waliokaa pembeni yake, wakamtazama, wakaenda zao na wao wakafundisha. Hilo ndilo lililonigusa kuliko magoli tisa ya Köln. Mchezaji akiondoka anaondoka na mkono wake. Kocha anaweza kuacha watu.

Nilimpigia mama jana. Mama hajui mpira wa mikono, anauita "ule mchezo wenu wa kurukana." Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akaniuliza maswali matatu. La kwanza, mitihani ya mwisho ni lini. La pili, hao wanaokuomba watakulipa. La tatu akalisema taratibu: "Na mwenzio utamfanyaje?" Mwenzio ndiye mdogo wangu. La kwanza nilimjibu, la pili akacheka mwenyewe kabla sijajibu, la tatu nikamwambia mama nipe mpaka kesho.

Usiku nikamwita mdogo wangu tukakaa nje ya bweni. Nilitaka nimwandae kwa maneno mazuri, yeye akanitangulia. Akasema, "Dada, ukiwa kocha mimi usinipange mechi ya kwanza." Nikamuuliza kwa nini. Akasema watasema nimepangwa na dada. Nikamwambia na usipopangwa je, nikikuweka benchi kwa sababu tu ni mdogo wangu, hiyo itakuwa haki? Akanyamaza. Akasema basi nipange nikistahili. Nikamuuliza nani atasema umestahili. Tukakaa pale, mbu wanatutafuna, hakuna aliyekuwa na jibu.

Sasa jibu langu ni hili, na naliandika hapa kabla ya Ijumaa ili nisije nikageuka. Nimekubali. Lakini nina masharti, na nahodha akisoma hapa ayachukue kama yalivyo.

Moja, kupanga timu sitapanga peke yangu. Tutakaa watu watatu: mimi, nahodha na kipa wetu, maana kipa anaona uwanja mzima na hana urafiki na mtu anayemletea mpira ovyo. Kwenye nafasi ya kati, mimi sipigi kura. Wawili hao wakigongana, anaanza yule aliyehudhuria mazoezi mengi zaidi kwenye daftari. Kwa hiyo kuna daftari, na litabaki kwa nahodha.

Mbili, rafiki yangu aliyenisubiri miaka miwili na nusu nimeshamwambia mwenyewe, uso kwa uso, leo mchana. Hakusema vizuri wala vibaya. Aliniuliza kama mdogo wangu anaweza kucheza beki wa kushoto. Nimecheka njia nzima, kwa sababu ni swali la kocha lile, na mimi sikuwa nimeliwaza. Tutajaribu wote wawili uwanjani kwa pamoja. Isiponyooka tutarudi kwenye daftari.

Tatu, wiki mbili za mitihani mimi sipo. Mazoezi yataongozwa na nahodha. Mama nimemwahidi, na nina shahada ya ualimu ya kumaliza. Na kama kuna mtu ataona ajabu kwamba mwalimu mtarajiwa anafundisha mpira, basi darasa ndilo hilo hilo, tofauti ni kwamba hapa wanafunzi wanatoka jasho.

Nne, nikipona, nikaruhusiwa na daktari na bado nikawa hapa chuo, nisiombwe kuvaa jezi. Hili limenichukua siku nne kuliandika. Nimejiona mwenyewe nikiwa benchi huku nusu ya akili inapiga hesabu ya lini nitarudi, na timu ya namna hiyo haina kocha. Nitacheza tena, Mungu akipenda, lakini sio kwenye timu hii.

Talant alikuwa na ukumbi uliojaa, msaidizi, daktari na basi la timu. Mimi nina mkongojo, kipenga nilichoazima, mipira miwili yenye viraka na uwanja wa saruji ambao ukianguka unaondoka na ngozi. Ila dakika moja ya mapumziko ni ile ile, kwake na kwangu. Nimeanza kuandika nyuma ya daftari maneno ninayoweza kusema kwa dakika moja. Mpaka sasa nina sentensi mbili, na moja ni "rudini kulinda."

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, uwanja wa nyuma. Mwenye pampu ya mpira atuazime. Mwenye mdogo wake mwenye mikono mirefu amlete, na tafadhali asiseme kwamba amenijua mimi.

Nisiwachoshe. Goti linaniambia nilale.